Chungu cha Nne cha Subilaga

Hapo zamani, zamani ile ya juzi tu ambayo magari tayari yalikuwa na klachi na watu tayari walikuwa na haraka, kulikuwa na mji uitwao Isongwa. Ulikuwa juu kabisa ya milima ya kusini, kule ambako mvua ikikatika watu wanaulizana kulikoni. Barabara ya kupanda mjini ilikuwa moja. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili korongo, katikati kona kali, na chini kabisa gulio. Hakuna gari lililofika Isongwa bila kuupanda mlima ule, na hakuna mtu aliyeitwa dereva kabla mlima ule haujamkubali.

Nisikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza ninyi, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Mtihani wa udereva ulifanyika hapo hapo mlimani. Mwanafunzi alipanda mpaka katikati, akasimama, akavuta breki ya mkono. Afande akachukua chungu cha udongo, akakiweka nyuma ya tairi la nyuma, karibu kabisa, kisha akasema, "Haya, ondoka." Hapo ndipo mtu alipotakiwa kula balansi. Klachi aiachie kidogo, mafuta aongeze kidogo, mpaka gari litetemeke pale pale, halipandi wala halishuki, ndipo aishushe breki ya mkono aende mbele. Likirudi nyuma hata upana wa kiganja, mlio ulisikika mpaka gulioni. Kwa hiyo watu wa Isongwa hawakusema fulani amefeli. Walisema fulani amevunja chungu.

Subilaga alikuwa amevunja vingi.

Alikuwa mama mtu mzima, mpimaji wa maziwa wa kikundi cha akina mama wafugaji. Alama za barabarani alizijua kama majina ya wanawe. Kwenye tambarare aliendesha vizuri mpaka mwalimu wake akapiga usingizi. Lakini akiwekewa chungu nyuma, mguu wa kushoto ulianza kumtetemeka, klachi ikamtoka, gari likarudi, na chungu kikaenda. Alishuka, akaokota vigae, akamwambia afande, "Ndaga, tutaonana tena." Ndaga kwao ni asante. Watu walicheka, maana nani anashukuru kwa kuvunja chungu?

Alitaka nini? Alitaka ufunguo wa pikapu. Tangu usichana wake alipanda mlima ule na maziwa kichwani, na siku za utelezi maziwa yaliganda kabla hajafika. Kikundi kiliponunua pikapu, akina mama walisema ufunguo atapewa wa kwanza miongoni mwetu atakayepata leseni. Wengine walijaribu wakaacha. Subilaga hakuacha. Akaanguka, akarudi. Akaanguka, akarudi. Mimi mwenyewe ningekuwa nimeshanunua punda.

Sasa kulikuwa na afande wa mitihani, Mwaijande. Msimwonee, hakuwa mtu mbaya. Miaka ya nyuma alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyevunja vyungu mpaka mji mzima ukamhurumia. Mke wa mtu yule akaja kumlilia Mwaijande, na Mwaijande akalegea moyo. Chungu akakisogeza mbali kidogo na tairi, kidogo tu, na mtu yule akapata leseni. Siku ya gulio lori lake likarudi nyuma pale pale mlimani. Watu walikimbia. Msichana mmoja muuza vyungu, Tumpe, hakuwahi. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Toka siku ile Mwaijande aliweka sheria. Vyungu vitatu, basi. Ukivunja cha tatu hutafanya mtihani tena Isongwa mpaka unakufa. Na watu walipotaka kulalamika, walimtazama Tumpe na magongo yake, wakafunga midomo. Maana Tumpe alirudi pale pale chini ya mlima akaendelea kuuza vyungu, na kila mwanafunzi alikinunua chungu chake cha mtihani kwake.

Vile vya zamani Subilaga alisamehewa, hesabu ikaanza upya. Akavunja cha kwanza. Akavunja cha pili. Alipovunja cha tatu, Mwaijande alivua kofia, akamwambia taratibu, "Mama Subilaga, hapa ndipo mwisho."

Subilaga akaokota vigae. Siku hiyo ndaga haikutoka. Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, na ilimuuma mpaka akashindwa kula.

Kwa kuwa hakuna mama aliyebaki kujaribu, ufunguo akapewa Gwamaka. Kijana safi, mtoto wa mwanakikundi, aliyefaulu kwa chungu cha kwanza. Chungu chenyewe kilibaki kizima, mama yake akakichukua akawa anapikia maharage. Gwamaka aliendesha, na Subilaga akakaa kiti cha pembeni na vipimo vyake vya maziwa. Hakununa. Ila kila walipofika katikati ya mlima, mguu wake wa kushoto ulikanyaga sakafu peke yake, klachi isiyokuwepo.

Basi ikafika asubuhi moja ya gulio. Pikapu ilikuwa inapanda imejaa madumu ya maziwa, na akina mama wamekaa juu ya madumu wakipiga soga. Wamevuka kona, wamefika pale pale panapowekwa vyungu. Chini ya gari kitu kikalia. Propela, ule mhimili unaozungusha matairi ya nyuma, ilikatika, na ilipoanguka ikang'oa bomba la breki. Gwamaka akakanyaga breki, ikazama mpaka chini. Akavuta ya mkono, ikaja mkononi kama kamba iliyokatika. Gari likasimama kidogo, likafikiri, likaanza kurudi nyuma.

Gwamaka alifanya alichofundishwa. Alichomoa kabari ya mti chini ya kiti, akaruka nje, akaisukumiza chini ya tairi kwa mkono wake mwenyewe. Tairi likapanda juu ya kabari na juu ya vidole vyake. Gari likasita, punde tu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi.

Katika punde ile Subilaga alihamia kwenye usukani.

Kisha kabari ikateleza na gari likaondoka, likaelekea chini kinyumenyume, na mlima wote nyuma yake. Akina mama kule juu walimwita Mungu kwa sauti moja. Subilaga alitazama kwenye kioo cha pembeni, na jambo la ajabu likamtokea. Hakuogopa. Aliiona barabara ile ikimjia kinyumenyume, na aliijua. Alilijua lile bonde dogo linalovuta tairi kulia. Alijua mahali ambapo usukani ukiuzungusha huku, mkia unakwenda kule. Madereva wote wa Isongwa waliujua mlima ule kwa kuupanda. Hakuna aliyewahi kuushuka kinyumenyume ila yeye, tena kidogo kidogo, chungu kwa chungu, miaka yote ile ya kuchekwa.

Kwenye kona aliulaza ubavu wa gari kwenye ukuta wa udongo, likasuguana nao, likapunguza kasi, udongo ukiruka mpaka ndani. Akalitoa ukutani, akaipata kona. Ndipo kwenye kioo akamwona Tumpe.

Tumpe alikuwa amekaa palepale pake, vyungu vimepangwa safu mbele yake, magongo yamelala pembeni. Watu walikimbia. Yeye hakuinuka, maana hata angeinuka angefika wapi? Aliliona gari likimjia kwa mgongo, mara ya pili katika maisha yake. Waliokuwepo wanasema alikuwa ametulia kabisa, amekumbatia chungu kimoja.

Subilaga akauzungusha usukani kidogo sana. Matairi ya nyuma yakapita kati ya safu ya vyungu na ukingo wa mtaro, mahali ambapo mtu angeniambia mkokoteni unapita ningebisha. Gari likampita Tumpe karibu mpaka upepo wake ukamvua kitambaa kichwani. Likaingia kwenye migomba. Mgomba wa kwanza ukalala, wa pili ukalala, wa tatu ukalala juu ya wa nne, na gari likatulia kama mtoto aliyechoka.

Watu waliangalia migomba, wakaangalia akina mama wakishuka mmoja mmoja, wameloa maziwa, wazima wote. Kisha wakaangalia vyungu vya Tumpe. Hakuna hata kimoja kilichovunjika. Mzee mmoja alivua viatu, sijui kwa nini, na wengine nao wakavua.

Sasa ndiyo tuje kwenye kesi.

Siku pikapu ilipotoka kwa fundi, watu walikusanyika nje ya ofisi ya Mwaijande, wengi wakitaka Subilaga apewe leseni na ufunguo. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Anyimike, alikuja na ufunguo mkononi. Akasema, "Ufunguo ni wetu, leseni ni ya afande. Semeni, tusikie."

Gwamaka akasema kwanza, mkono umefungwa bendeji. "Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Mimi nimefaulu kwa chungu cha kwanza. Propela sikuikata mimi. Nilipoona breki hazipo, sikukimbia, nilitia mkono wangu chini ya tairi. Bila mkono huu, mama Subilaga angepata wapi nafasi ya kufika kwenye usukani? Daktari amesema vidole vitapona. Mkinipokonya ufunguo, mtakuwa mmeniadhibu kwa kuwa nilifaulu."

Watu wakasema, kweli.

Mwaijande akasema, "Mama Subilaga ameendesha bila leseni, na mimi nimelifumbia macho hilo, kwani na mimi nina moyo. Lakini sitalifumbia la pili. Mnataka nimpe leseni kwa sababu tumestaajabu. Mara ya mwisho nilimpa mtu leseni kwa sababu tulihurumia. Kustaajabu na kuhurumia ni mlango mmoja, na mnajua aliyelipa. Huyu mama amerudi nyuma vizuri kuliko binadamu yeyote niliyemwona. Mtihani wangu hauulizi mtu anarudije nyuma. Unauliza kama anaweza kutorudi."

Watu wakasema, kweli.

Subilaga akasimama. Alikuwa amejitanda khanga, na mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka, kila mtu aliuona. "Afande, mimi siombi leseni, wala ufunguo siombi. Naomba chungu cha nne. Ukiniwekea, nikikivunja, kimevunjika."

"Na ukikivunja?" Mwaijande akamuuliza. "Hapo utatosheka?"

Subilaga alifikiri. Angeweza kusema uongo pale na wote wangemsamehe. "Hapana," akasema. "Nitaomba cha tano."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe.

"Kila chungu nilichovunja kilinifundisha kitu," akaendelea. "Sikujua ni nini mpaka siku ile. Ningefaulu kwa cha kwanza, tusingekuwa hapa tunaongea. Sasa sheria inasema nimevunja vya kutosha. Nani aliyejua vya kutosha ni vingapi?"

"Na huyo atakayekuwa nyuma yako siku ya chungu cha tano," Mwaijande akasema, "naye nimwambie unajifunza?"

Subilaga akainamisha uso. Machozi yakamtoka mbele za watu.

Mwaijande akavua kofia. Akamgeukia Tumpe. "Mwanangu, sheria hii niliiweka kwa ajili yako. Mimi siiondoi na siishikilii. Ukimuuzia mama huyu chungu, nitakiweka nyuma ya tairi kesho asubuhi, na sheria ya vyungu vitatu itakuwa imekwisha kwa kila mtu, si kwake tu. Ukimnyima, sheria inabaki na sitaki kusikia neno tena."

Tumpe alikuwa amekaa na magongo yake, na chungu mapajani.

"Sheria hii imetoka mguuni pangu," akasema. "Usiku nililala kwa sababu yake. Nilijua hakuna mwingine wa kuja kwangu kinyumenyume. Halafu akaja. Na aliyenikwepa ndiye aliyekatazwa kwa ajili yangu." Akamtazama Subilaga. "Mama, nakushukuru kwa uhai wangu. Ndaga fijo. Lakini siku ile hukuwa unapanda mlima. Ulikuwa unashuka. Nikikuuzia, ni mimi ninayekaa pale chini, si hawa."

Akakishika chungu kwa mikono miwili. Subilaga akanyoosha yake.

Wasikilizaji wangu, hapo ndipo ninapoachia. Mwenye kumpenda Gwamaka aseme kwa sababu gani, mwenye kumtetea afande naye aseme, na anayemlilia Subilaga asilie tu, aeleze. Ila kabla hamjafungua midomo, kila mmoja akae kwanza pale chini ya mlima, mguu mmoja, magongo pembeni, na mama aliyekuokoa amekunyooshea mikono. Je, wewe ungekuwa Tumpe, chungu hicho ungempa?