Ukurasa wa Kifaranga

Kulikuwa na msichana mmoja mdogo, ndugu zangu, wa darasa la pili, kule juu milimani ambako watu huota moto hata mchana. Shule yake ilikuwa imepata vitabu vipya. Msidhani ni vitabu vinene kama Biblia hii niliyoshika. Vilikuwa vyembamba, vya watoto wanaojifunza kusoma, kila ukurasa una picha kubwa na sentensi moja chini yake. Vilipangwa kwa ngazi: vya utepe mwekundu kwa wanaoanza, halafu vya njano, halafu vya kijani. Ukisoma cha ngazi yako mbele ya darasa bila kukwama, wenzako wanakupigia makofi na unahamia benchi linalofuata.

Mwalimu wao alikuwa mama mwenye msimamo. Siku alipovigawa aliwaambia kwamba hivi si vitabu vya sungura na fisi. Humu chura ni chura na mvua ni mvua. Humu mna mambo ya kweli, na asimsikie mtu akitamka uongo halafu akasema amesoma kitabuni. Watoto wakaitika kama watoto wanavyoitika, huku macho yao yako kwenye picha. Huyu mmoja aliyaweka moyoni.

Yeye alipewa kitabu cha kuku. Akasimama, akasoma kwa sauti ndogo lakini safi. Kuku ana miguu miwili. Kuku hutaga mayai. Kuku huatamia mayai yake. Akafungua ukurasa wenye picha ya kuku amejitandaza chini, na vichwa vidogo vinachungulia kwenye manyoya. Chini yake pameandikwa: Kila kifaranga hulala chini ya mabawa ya mama yake.

Mtoto akanyamaza. Mwalimu akasubiri, akamsaidia silabi ya kwanza, wenzake wakamnong'oneza yote mpaka mwisho. Kimya. Kesho yake akaanza upya, na palepale akanyamaza. Wenzake wakahamia njano, wakahamia kijani, akabaki peke yake kwenye benchi la wekundu, benchi refu la watoto watano, miguu yake haifiki chini. Wakati wa mapumziko hakuitwa kuruka kamba. Walisema ukicheza naye na wewe utakwama. Nawaambia, upweke wa mtoto ni mzito kuliko wetu, maana mtoto hajui kama huwa unaisha.

Sasa mjue alikokuwa akilala. Mama yake alikuwa amefariki, na shangazi yake akamchukua. Msianze kumchukia shangazi, ni mtu mwema, alimpa chakula, sare na viatu. Ila nyumba ilikuwa imejaa, basi mtoto akatandikiwa stoo, juu ya magunia ya mahindi. Baridi ya kule haina mchezo. Na mtoto wa umri ule akishtuka gizani hunyoosha mkono kutafuta mtu. Yeye alikuwa anagusa gunia.

Ikatokea wageni wa kanisa wakapita kutembelea nyumba za washirika. Mgeni wa kanisa hapewi chai kavu, mnajua wenyewe. Akachinjwa kuku mwenye vifaranga, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mnono. Wageni wakala, wakaiombea nyumba na wote walalao humo, wakaaga. Vifaranga wakafa kwa baridi, akabaki mmoja. Mtoto akamchukua, akamweka kifuani ndani ya sweta, wakawa wanalala wawili.

Siku moja wenzake walipokwenda kunywa uji, mwalimu akaketi naye kwenye lile benchi. Alidhani labda haoni vizuri. Akamwonyesha sentensi kwa kidole.

"Haya maneno unayajua?"

"Nayajua, mwalimu."

"Basi yasome, mwanangu, utoke kwenye benchi hili."

Mtoto akaigusa picha. "Mwalimu, ulisema tusitamke uongo. Kwetu kuna kifaranga asiyelala hivyo. Mama yake aliliwa na wageni. Analala na mimi stoo, kwa sababu na mimi mama yangu hayupo."

Mwalimu alishikwa na uchungu. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alitoa kalamu, akakata maneno "kila kifaranga", akaandika juu yake "vifaranga wengi", na mwishoni "yake" akaigeuza "yao". Kesho yake mtoto akasimama, akasoma ukurasa ule na zilizobaki bila kukwama. Makofi yakapigwa. Akahamia njano. Mwalimu akawasimulia walimu wenzake habari za mtoto mwenye akili aliyekikamata kitabu na kosa, na wote wakamsifu.

Mmefurahi. Nawaona, hata mama yule wa pale nyuma ametabasamu. Haya, nami niwaulize swali ambalo hakuna aliyeliuliza pale shuleni. Usiku ule mtoto alilala wapi?

Alilala stoo. Mwalimu aliambiwa mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba kitabu kimekosea, na kwamba mtoto asiye na mama analala stoo. Akashughulikia lile la kalamu.

Na sisi je? Humu ndani tunasema kila Jumapili kwamba Mungu huwafunika walio wake kwa mabawa yake. Tunasema bila kukwama, sisi ni watu wa utepe wa kijani. Lakini yuko mwenzetu ambaye akifika hapo hunyamaza. Tunamwona, tunasema imani yake bado changa. Akitueleza kinachomkwamisha, tunatoa kalamu. Tunamwambia kufunikwa kule ni kwa kiroho tu, au ni kwa wengi, si lazima wote, au ni kwa siku ile ijayo. Tunalipunguza neno mpaka limwenee hapo hapo alipo, kwenye magunia, halafu tunampigia makofi kwamba sasa ameamini.

Mlidhani Mungu atayatoa wapi hayo mabawa? Nawatazama hapa naona makoti. Naona kanga. Naona blanketi ambalo mtoto amefungiwa mgongoni. Nyumbani kwako najua kuna kitanda ambacho mtoto mmoja wa ziada angeenea. Hayo ndiyo mabawa tuliyopewa, na sijasikia kama kuna mengine yako njiani.

Basi tukitoka hapa, mtafute yule aliyenyamaza wakati sisi tunaimba. Mvute pembeni, usimwaibishe mbele za watu. Muulize analala wapi, na akianza kukujibu, kalamu yako iache mfukoni.