Gati la Juu

Methali isemayo kuuliza si ujinga ni fupi kama mkia wa mbuzi, na kwa sababu ni fupi watu hudhani wamekwisha kuielewa. Haikuwekwa kwa ajili ya mjinga. Mjinga hana shida, yeye huuliza tangu kuche hadi kuchwe. Iliwekwa kwa ajili ya yule ajuaye, yule ambaye kichwa chake kimejaa hata neno la mwenzake likifika halipati mahali pa kukaa. Yahoska Zeledón, binti wa mji wa Managua, alikuwa mmoja wao.

Umri wake ulikuwa miaka ishirini na sita, na nchi yake ya Nikaragua aliijua kweli, tusimnyime haki yake. Alijua kimo cha kila volkano, kina cha ziwa kubwa, na majina ya mito hata ile inayokauka wakati wa kiangazi. Kampuni ya utalii iliyomwajiri ilikuwa imempa safari yake ya kwanza kuongoza peke yake: siku tisa, na walimu watano wastaafu wa León. Asubuhi ya kuondoka aliwaelekeza kwa simu mahali pa kukutana, kama watu wa Managua waelekezanavyo siku zote: "Kutoka pale ulipokuwa ule mti mdogo, mitaa miwili juu, nusu mtaa kuelekea ziwani." Mti wenyewe ulikwisha kuanguka kabla Yahoska hajazaliwa, lakini walimu walifika bila kupotea hata hatua moja. Kwao huko León nako juu ni jua linakochomoza na chini ni linakotua, na mtoto hujua hivyo kabla hajajua kufunga viatu.

Yahoska alikuwa amejiwekea sharti moja. Hatamuuliza mtu njia.

"Kiongozi akiuliza njia," alimwambia dereva wao, Don Toribio, "abiria huanza kushika mikoba yao."

"Na asipouliza, hushika rozari," akajibu Don Toribio, mzee mnene aliyekuwa akila embe bichi kwa chumvi huku mkono mmoja uko kwenye usukani. "Uliza, binti. Mdomo hauoti kutu kwa kuuliza."

Miongoni mwa wale walimu alikuwamo Mwalimu Argentina Munguía, aliyefundisha jiografia kwa miaka arobaini. Kila mwaka aliichora Nikaragua ubaoni kwa chaki bila kufungua kitabu, akimalizia na mto San Juan unaotoka ziwani kwenda mashariki mpaka bahari ya Karibi. Pale mwisho aliweka mstari mfupi wa kukata: huku mto, kule bahari. Hapo mahali hakuwahi kufika. Sasa macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu, na Ijumaa, safari ikisha tu, alikuwa afanyiwe upasuaji. Daktari hakumwahidi kitu.

"Nataka nipaone kwa macho haya haya," alimwambia Yahoska siku ya kwanza. "Yakiharibika baadaye, yatakuwa yameshaona."

"Jumatano mchana, Mwalimu, utakuwa umesimama pale pale," Yahoska akamjibu. "Hilo ni neno langu."

Wakaanza safari. Walipanda Cerro Negro, ule mlima wa majivu meusi, na Don Eudoro, mwalimu wa hesabu mwenye miaka sitini na tisa, akakataa kabisa kuteremka kwa miguu. Alikalia ubao wa kutelezea kama vijana, akateleza mpaka chini, akainuka na meno meusi akicheka kama mwehu. Kisha wakapanda kaskazini hadi Jinotega, ambako misitu hulala ndani ya mawingu na kahawa hukua kivulini. Huko Yahoska alipotea njia. Hatua kumi tu kutoka kwao palikuwa na mzee akichuma kahawa. Yahoska alimwamkia, akampita. Wakatembea saa nzima kwenye tope mpaka magotini. "Hii ndiyo njia ya mandhari," alisema, na kwa bahati yake akatokea ndege wa kijani mwenye mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe, ambaye watu hukesha msituni kumngoja wasimwone. Walimu wakapiga makofi. Bahati ni mwalimu mbaya, maana humpa mwanafunzi alama asizozistahili. Tangu siku ile Yahoska alitembea kidevu juu.

Walipofika Ometepe, kisiwa chenye volkano mbili katikati ya ziwa, alimpigia simu Don Nicasio, mwenye mashua wa kijiji cha El Castillo, kule mtoni.

"Jumatano saa kumi na mbili asubuhi," akamwambia, "utuchukue gati la juu. Tunashuka mpaka baharini."

"La juu?" sauti ikauliza.

"La juu, ndiyo."

"Si kawaida," akasema Don Nicasio. "Lakini haya, bosi ni wewe."

Hapo ndipo neno moja tu lingetosha: kwa nini si kawaida? Yahoska alikata simu.

Wakavuka ziwa kurudi bara, wakalizunguka kwa gari hadi San Carlos, ambako barabara huishia na mto huanza. Don Toribio alibaki huko na gari lake. "Huko mbele sina gari wala akili ya kukuazima," alimwambia wakiagana. "Wewe uliza tu." Yahoska alicheka, akapanda mashua ya abiria na walimu wake.

El Castillo ni kijiji kisicho na gari hata moja. Kina ngome ya kale kilimani, nyumba za mbao zilizojipanga kando ya maji, na mbele yake maporomoko madogo yanayonguruma mchana kutwa. Jumanne jioni walikula kamba wa mtoni, kila mmoja mkubwa kama kiganja, wakalala mapema. Alfajiri Yahoska aliwaongoza na mabegi yao hadi gati lililo upande wa mashariki, mbele ya maporomoko. Jua lilikuwa likichomoza hapo hapo usoni mwao. Juu kabisa, alijiambia.

Saa kumi na mbili ikafika, mashua haikuonekana. Saa kumi na mbili unusu nayo ikapita. Simu haikuwa na mtandao. Jirani na gati palikuwa na mama mmoja, Doña Migdalia, akikaanga ndizi na kuuza kahawa. Aliwatazama mara tatu, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Mnamngoja nani, mpenzi?"

"Mtu wetu yuko njiani," Yahoska akajibu. "Asante."

"Haya," akasema mama yule, akageuza ndizi zake.

"Huenda anachana nywele," Don Eudoro akatania, lakini hakuna aliyecheka. Ilipogonga saa moja unusu, Mwalimu Argentina alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena, akatazama mto.

"Mwanangu," akauliza kwa upole, "ule ni ukungu wa mto au ni wangu?"

Yahoska akatazama. Ukungu wa mto ulikuwa umekwisha kuondoka zamani. Maji yalikuwa yanang'aa, na miti ya ng'ambo ilionekana jani kwa jani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa amelinda jina lake asubuhi nzima, na mwenzake alikuwa akilinda mwanga wa mwisho wa macho yake. Akaliendea lile jiko la ndizi.

"Mama, samahani. Sijui. Gati la juu ni lipi?"

Doña Migdalia akaweka mwiko chini. "Si hili, mpenzi. Hapa umesimama la chini."

"Lakini jua linachomozea hapa!"

"Jua lina mambo yake. Sisi ni watu wa mto. Juu ni maji yanakotoka, chini ni yanakokwenda, na anayeshuka baharini hupandia hili la chini." Akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe wa Managua, eti?"

Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa Mwalimu Argentina. "Miaka arobaini ya jiografia!" akasema huku akijipiga paja. "Nami nimekaa hapa tangu alfajiri nikijua niko juu!" Wenzake wakacheka mpaka machozi, maana wote walikuwa wa León, na hata mmoja wao hakuwa amelishuku lile neno.

Yahoska hakubaki kucheka. Alikimbia hadi gati la pili, magharibi ya maporomoko, akamkuta kijana akiosha nyavu. "Don Nicasio?" Kijana akaelekeza kidole magharibi. "Alingoja mpaka saa moja na robo. Akawataja watakatifu wote, akapakia watu wengine, akaenda nao San Carlos."

Wapo ambao wangekaa chini hapo wakalia, na mimi nisingewalaumu. Yahoska alirudi mbio, na sasa mdomo uliokuwa umefungwa siku saba ulifunguka kama mlango wa ghala. Alimuuliza mwenye duka, akamuuliza muuguzi wa zahanati, akamuuliza mzee aliyekuwa akinyolewa ndevu: nani anashuka leo mpaka baharini? Jibu lilikuwa pale pale alipoanzia, kwenye jiko la ndizi.

"Wifi yangu Yadira anapeleka mabati na kuku San Juan del Norte saa tatu," akasema Doña Migdalia. "Ningekwambia tangu saa kumi na mbili, ila uliniambia mtu wenu yuko njiani."

Basi wakashuka mto na kuku. Walimu walikalia magunia ya mchele, na Yahoska alikaa karibu na Yadira, mwanamke mwembamba aliyeshika usukani wa injini kwa mguu ili mikono ipate nafasi ya kumenya machungwa. Mti ule waitwaje? Kwa nini maji hapa yanazunguka? Ndege yule anakula nini? "Huyu anauliza kama mtoto wa miaka minne," Yadira akalalamika, lakini alijibu yote. Akawaonyesha mamba aliyemla mbwa wa mchungaji wa kanisa, na mti ambao nyani hukutania kugombana. Walimu walisikiliza vinywa wazi. Siku saba walikuwa wamesikia habari za vitabu, sasa wakasikia habari za mto. Mvua ikawapiga saa nzima, ikaacha, wakakauka.

Zilipobaki maili mbili tatu kufika, Yahoska aliitandaza ramani yake magotini. Mlango wa mto ulikuwa umewekwa wazi, na njia ya kwenda ilikuwa moja tu. Siku moja kabla asingesema neno. Safari hii aliinua kichwa.

"Yadira, mlango wa mto uko hapa kweli?"

Yadira akaitupia ramani jicho. "Hiyo ya mwaka gani? Mchanga umepaziba hapo. Mngekwenda, mngekwama mpaka kesho." Akausukuma usukani kwa kisigino, mashua ikapinda kuingia mkondo mwembamba uliofunikwa na majani.

Saa tisa na robo mchana, Mwalimu Argentina alisimama mchangani bila viatu. Jua lilikuwa kali bado. Mbele yake maji ya kahawia yalikuwa yakiingia kwenye maji ya kijani, na ya kijani yakirudi ndani ya yale ya kahawia, na mawimbi yakiyachanganya yote. Alitazama kwa muda mrefu sana. Alitazama kama mtu anayekariri.

"Yahoska," akasema hatimaye, "mstari uko wapi?"

"Mstari gani, Mwalimu?"

"Ule niliokuwa nikiuchora. Huku mto, kule bahari."

Yahoska, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akafikiri, kisha akatabasamu. "Sijui, Mwalimu. Ngoja tuulize." Akageuka. "Yadira! Mto unaishia wapi?"

"Onjeni!" Yadira akapaza sauti kutoka kwenye mashua, akiwa amekumbatia tenga la kuku.

Wakainama wote sita, wakachota kwa viganja. Hapa maji yalikuwa matamu. Mwalimu Argentina akasogea hatua tano, akaonja, akasogea tena, gauni limelowa mpaka kiunoni. Mara akasimama. "Ni hapa!" akaita. Wimbi likapita, akaonja tena, akacheka. "Hapana, sasa ni pale!" Akakifuata kile kionjo cha chumvi kwenda na kurudi, macho amefumba, mkono mmoja umemshika Yahoska.

"Hata yakizimika Ijumaa," akasema, "mahali hapa nitapajua kwa ulimi. Hilo ubaoni sikulifundisha, kwa sababu sikuwahi kumuuliza mtu wa hapa."

Walipofika San Carlos kesho yake, Don Toribio alikuwa akiwangoja gatini na mfuko wa maembe. Yahoska alimsimulia yote, pamoja na kuku. Mzee alicheka mpaka akapaliwa na embe lake.

"Haya, kiongozi," akasema alipopata pumzi, akiwasha gari, "twende wapi?"

Yahoska alikuwa anaijua barabara ile kuliko kiganja chake. Hata hivyo alichungulia dirishani, akamwita mama aliyekuwa akifagia mlango wake. "Mama, njia ya Managua ni nzuri leo?"

"Daraja limefunikwa na maji tangu usiku," mama akajibu. "Piteni ya juu."

"Juu ya jua au juu ya mto?"

"Juu ya kilima, mwanangu, hii hapa!" mama akacheka, akawaelekeza kwa ufagio. Wakafika León jioni ile ile, na Ijumaa asubuhi Mwalimu Argentina alikuwa kitandani mwa daktari kwa wakati, ulimini bado ana ladha ya chumvi. Waliosema walisema, nasi tumeona: kuuliza si ujinga.