Msasa kwa Bwana Shekiondo

Bwana Shekiondo, mwenye karakana ya matangi ya maziwa, alimpa fundi wake Mkunde hadi adhuhuri kulisugua tangi. "Nikiona mkwaruzo mmoja tu, kazi huna."

Adhuhuri Shekiondo akaja, akainamia tangi. "Hii mistari mitatu ni nini?"

Mkunde akachungulia. "Makunyanzi yako, bosi. Tangi limekuwa kioo."

"Mbona yamekwenda upande?"

"Si umeinamisha kichwa?" Mkunde akamsogelea na misasa mkononi. "Keti niyaondoe. Paji lako linataka msasa mkali, au nianze na huu laini halafu nimalizie kwa kitambaa?"

"Niache! Tangi liko safi!" Shekiondo akatoka mbio, kashika paji.

Mkunde akafunga mlango, akachagua msasa laini, akaisugua ile mistari mitatu mpaka ikatoweka kwenye tangi.