Amina Iliyomkwama Dada Apolonia

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba hapo kale, pembezoni mwa jangwa la Misri, palikuwa na nyumba ya watawa wanawake walioishi kwa sala, saumu na kazi ya mikono. Miongoni mwao alikuwamo Dada Apolonia, mcha Mungu na mwokaji mikate hodari. Msimamizi wa tanuri alipofariki dunia, wote walidhani Apolonia ndiye atakayeshika nafasi yake. Lakini Mama Mkuu akamteua Dada Verena, mcheshi aliyeimba tangu kukanda unga hadi kuosha masinia, na ambaye mikate yake, tuseme kweli, ilitaka meno imara.

Apolonia hakunung'unika. Aliinamisha kichwa, akaendelea kukanda unga kando ya Verena. Ila tangu siku hiyo alishikwa na hamu kubwa ya kwenda kuishi peke yake katika pango la mlimani, akae na Mungu tu. Aliliombea jambo hilo asubuhi na jioni huku akilia, na kwa kuwa machozi yalikuwa ya kweli, akaamini kwamba wito nao umetoka juu. Hatimaye akapiga magoti mbele ya Mama Mkuu na kuomba ruhusa.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Siku ya kuombewa ruhusa, aliyetaka pango hakujiombea mwenyewe. Mwenzake wa kazi ndiye aliyemwombea kwa sauti mbele ya dada wote, na mwombewa akaitikia amina kwa kila ombi, pale tu alipolitaka kwa moyo wake wote. Na aliyepanda pangoni hakushuka tena mpaka kuzikwa.

Basi Verena akasimama kanisani, akainua mikono.

"Ee Bwana, mjalie dada yetu ukimya."

"Amina," akaitikia Apolonia.

"Mjalie akutafute wewe peke yako."

"Amina!" Machozi yakamtiririka.

Verena, ambaye alimpenda mno, akawaza nini kingine amtakie mtu anayeiaga dunia. "Na sisi huku, Bwana, utusahaulishe mkono wake. Tushibe mkate wangu hivyo hivyo na ugumu wake, wala asitokee hata mmoja wa kusema, 'Laiti Apolonia angekuwapo.'"

Kanisa zima likamngoja. Apolonia akafungua kinywa, na amina ikamkwama kooni. Maana kila alipoliwaza lile pango, alichokiona ni dada zake wakitafuna kwa shida na kujuta, na Mama Mkuu akipanda mlima kuja kumbembeleza arudi. Mungu hakuwamo hata kidogo. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Mama," akasema, "silitaki pango. Nilitaka mnililie."

Mama Mkuu hakumkemea. "Basi mwanangu, mwambie Mungu hilo hilo."

Apolonia akasema, "Bwana, nilitaka tanuri. Niliponyimwa niliumia, na mpaka leo naumia. Niondolee kinyongo hiki."

"Amina!" akaitikia Verena kabla ya wote, kisha akamkumbatia. "Dada yangu, mbona hukuniambia? Tanuri lenyewe linanitoa jasho bure. Nifundishe, tafadhali."

Verena akabaki msimamizi, Apolonia akamfundisha, na mikate ikalainika. Siku ya kwanza dada walipomsifu Verena mezani, Apolonia alihisi mchomo kidogo kifuani. Jioni akamweleza Mungu, bila kupamba neno, kisha akalala usingizi mtamu kuliko wote aliowahi kuulala tangu aingie utawani.

Wapendwa, mara nyingi tunampelekea Mola ombi lililovaa kanzu nyeupe, huku ombi letu halisi tumelificha uvunguni. Tumpelekee hilo la uvunguni, hata likituaibisha. Yeye hutuponya pale tunapoumwa, si pale tunapojifanya tunaumwa.