Mmea Uliopewa Jina la Jirani

Kulikuwa na mama mmoja, wapendwa, mtaalamu wa mimea. Alifanya kazi kwenye jengo lililojaa makabati ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, kila mmoja na jina lake na mahali ulikochumwa. Mama huyu alikuwa hatulii. Kabla ya kustaafu alitaka jambo moja tu, agundue mmea usiojulikana bado. Kila likizo yuko milimani, miiba imemchana, na harudi na kitu.

Sasa pale kazini walikuwa na mazoea. Mmea ukiwasumbua kuutambua, waliuchanganya na ule unaofanana nao. "Uweke hapo kwa sasa," walisema. Hiyo "kwa sasa" mnaijua, au nawasingizia?

Siku moja, akipanga kabati, akashika karatasi kuukuu. Akamwita mwenzake.

"Dada, njoo uone! Jani lina vinyweleo chini, na ua limeinama. Huu siyo ule ulioandikwa hapa."

"Mbona umo humu tangu hatujaajiriwa?"

"Ndiyo! Na tunaupita kila siku!"

Wakapekua vitabu vyote, haumo. Mmea mpya! Mnadhani alilala usingizi? Wapi! Alijiuliza: je, bado upo hai? Akapanda basi hadi kwenye kilima kilichotajwa kwenye karatasi. Akakuta shimo la kokoto. Akamwonyesha picha mwanamke aliyekuwa akiponda mawe.

"Mama, mmea huu unaufahamu?"

"Huo? Ulijaa hapa juu. Tuliung'oa wote tulipoanza kuchimba. Kwani ulikuwa na kazi gani?"

Mtaalamu akakaa chini vumbini, akalia.

Naona mnamhurumia. Tujihurumie sisi! Ni mara ngapi tumekaa msibani, wasifu wa marehemu unasomwa, nasi tunaguna, "Kumbe!" Kumbe alilea yatima. Kumbe alijua kupiga kinanda, na kwaya yetu ilivyohangaika kutafuta mpiga kinanda! Miaka yote alikaa benchi la nyuma, tukamwita "mmoja wa wale wa bondeni", basi, tukaridhika.

Mahubiri nayakatiza hapa, sina amani ya kuendelea. Geuka sasa hivi, muulize aliye nyuma yako yeye ni nani, angali anaweza kukujibu mwenyewe.