Bi Kiboko Apeleka Salamu Mwenyewe

Ngano hii aliitoa kwanza Bi Somoe binti Ngwele, huko Rufiji, mwezi wa tano mwaka 1958, masika yakiwa yanaisha. Wapo katika ukoo wanaosema ni mwaka 1957. Hao wamekosea, kwa sababu aliisimulia kwa ajili ya binti yake Zamda, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza na sasa hataki kutoka mlangoni, na mtoto huyo alizaliwa mwaka 1958. Bi Somoe alikaa mkekani, watoto mbele, wakubwa nyuma, akaanza hivi. Tangu hapo haijaanzwa vingine.

Paukwa.

Pakawa.

Mmeketi?

Tumeketi.

Na miguu je?

Imekunjwa, lakini haijalala.

Hapo zamani za kale palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa palikuwa na Bi Kiboko. Bwawa lilikuwa jembamba. Bi Kiboko alikuwa mpana. Akiingia, maji yalitoka. Akitoka, maji yalirudi. Chubwi, chubwi, ndivyo jirani walivyojua saa.

Katika nchi ile wanyama walikuwa na desturi moja. Asubuhi, kabla ya kutia kitu kinywani, kila mmoja humwendea jirani yake akamwamkia. Umeamkaje? Nimeamka salama, sijui wewe. Nami salama. Hapo ndipo kila mmoja anakwenda kula.

Jirani wa Bi Kiboko alikuwa Nguchiro, mnyama mdogo, mwembamba, mwenye mkia mrefu na maneno mengi. Aliishi ndani ya kichuguu, hatua chache kutoka bwawani. Miaka mingi Bi Kiboko alimwendea kila asubuhi. Halafu siku moja kukawa na utelezi. Bi Kiboko akatazama ukingo wa bwawa. Akatazama miguu yake. Akamwona Yangeyange, yule ndege mweupe, amesimama mgongoni mwake akidonoa inzi. Akamwomba, kwa leo tu, amfikishie Nguchiro salamu. Yangeyange akaruka, pu pu pu, akafikisha, akarudi na jibu.

Kesho yake utelezi ulikuwa umekauka. Lakini Yangeyange alikuwa bado yuko mgongoni. Akatumwa tena. Na keshokutwa. Na mtondo. Mwaka ukapita.

Majani yalimea mpaka kwenye kidevu cha Bi Kiboko. Akawa anakula bila kuinua mguu. Akila, analala. Akilala, anaamka amechoka. Mwili ukawa mzito, na moyo nao ukawa mzito. Zamani alikuwa akiimba majini, sasa wimbo ulimkwama kooni. Akipanda ukingo alihema, huu, huu, huu, kisha akashuka tena, akasema atapanda kesho.

Ikawa siku moja Yangeyange akarudi kutoka mtoni na habari. Binti yake Bi Kiboko, aliyeolewa huko mtoni, amejifungua jana. Mtoto wa kiume, masikio madogo, sauti kubwa.

Bi Kiboko akacheka mpaka bwawa likamwagika. Kisha akatazama miguu yake.

Aliitazama kwa sababu kwa viboko mtoto hupewa jina siku ya arobaini, jua likiwa utosini. Na anayempa jina ni bibi mzaa mama, aliyefika kwa miguu yake, akamnong'oneza sikioni. Bibi mzaa mama asipofika, jina hutolewa na bibi mzaa baba.

"Na bibi mzaa baba amekwisha chagua," Yangeyange akasema. "Anasema uchungu ulikuwa mrefu, kwa hiyo mtoto ataitwa Shida."

Bi Kiboko akaona mbele yake maisha yote ya mtoto yule. Shida, njoo. Shida, kaa. Shida amekua. Shida anaoa. Akasema hapana, mjukuu wake hataitwa hivyo naye yu hai.

Mtoni ni mbali. Ukitoka bwawani alfajiri na miguu mizuri, unafika karibu na adhuhuri. Siku ya tatu Bi Kiboko akajipaka tope, akatoka. Akatoka kwa hasira, mbio mbio. Tu, tu, tu, tu. Nchi ikatikisika. Ngiri, aliyekuwa amelala shimoni mwake, akatoa kichwa akauliza kama kuna vita.

"Punguza, bi mkubwa," akasema. "Nyumba yangu ni ya udongo."

Bi Kiboko hakupunguza. Akapita kichuguu cha kwanza. Akafika cha pili. Hapo pumzi zikaisha, magoti yakaisha, na hasira nayo ikaisha. Akaanguka, puu. Alirudi bwawani jua linatua, na siku sita zilizofuata hakuweza hata kugeuza shingo. Ngiri alisimulia anguko lile kwa kila aliyepita, na kila akisimulia lilizidi kuwa kubwa.

Siku ya kumi Bi Kiboko akafanya lile alilolizoea. Akamwita Yangeyange, akamwambia aruke na jina mpaka mtoni akamnong'oneze mtoto. Yangeyange akaenda. Akarudi jioni, mkia chini. Bibi mzaa baba amemcheka mbele ya ukoo mzima. Amesema jina haliji na manyoya.

"Na binti yangu kasema nini?"

"Hakusema kitu, bibi. Alikuwa amempakata mtoto, amemgeuzia uso upande wa huku."

Bi Kiboko akazama majini, yakabaki matundu mawili ya pua.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja akasikia mtu anapiga maji kwa mkia. Pwa, pwa. Alikuwa Nguchiro. Hakuja kwa upole. Alisema salamu za Bi Kiboko anazipata kila siku mwaka mzima, tena nyingine Yangeyange anaziongezea chumvi, lakini Bi Kiboko mwenyewe hajampata. Yeye ana jirani au ana ndege?

Bi Kiboko akaeleza taabu yake yote. Mto ni mbali. Siku zimebaki ishirini na tisa. Miguu imekwisha.

"Shangazi, mto usahau," Nguchiro akasema. "Sikukuomba uende mtoni. Njoo uniamkie, kisha urudi ukale."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Lakini kila siku. Na Yangeyange abaki nyumbani."

Basi asubuhi yake Bi Kiboko akatoka. Hakukimbia. Alikwenda polepole akihesabu pumzi, na kwa kuwa njia ilikuwa fupi, akajitungia kijineno cha kwendea. Nanyi mwitikie.

Tu-tu, tu-tu, nakwenda kuamkia.

Tu-tu, tu-tu, nakwenda kuamkia.

Akafika kichuguuni. Umeamkaje? Nimeamka salama, sijui wewe. Nami salama. Akarudi, akala. Majani yalikuwa yale yale, lakini siku ile yalikuwa na ladha.

Siku ya pili akaenda. Siku ya tatu akaenda. Siku ya nne akaenda. Siku ya tano akafika kichuguuni, akabisha hodi, kimya. Nguchiro amehama. Ngiri akamwambia yuko kichuguu cha mbele, kwa sababu hiki kimeingiliwa na siafu. Bi Kiboko akanung'unika, lakini salamu hairudishwi nyumbani haijatolewa. Akaenda kichuguu cha mbele.

Baada ya siku chache Nguchiro akahama tena. Kuna chatu, akasema. Halafu akahama tena. Kuna unyevu. Akahama tena. Safari hii alisema mama mkwe wake anakuja na hataki akute nyumba ndogo. Nguchiro ndivyo walivyo, hawakai kichuguu kimoja mpaka leo, basi hakuna aliyeshangaa. Bi Kiboko tu ndiye aliyelalamika. Alisema hajaona jirani asiye na makalio kama huyu. Lakini alikuwa akilalamika huku anatembea, na pumzi ya kulalamikia sasa alikuwa nayo.

Tu-tu, tu-tu, nakwenda kuamkia.

Tu-tu, tu-tu, nakwenda kuamkia.

Isidhaniwe kwamba aliamka kila siku na hamu. Kulikuwa na asubuhi moja, siku ya ishirini na nne, aliamka miguu mizito na bwawa tamu. Yangeyange akamwambia kwa upole kwamba mabawa yapo. Bi Kiboko alifikiri sana. Kisha akasema atapanda ukingo tu, akifika juu ataamua. Akapanda. Alipofika juu miguu ikageukia njia yenyewe, na alipokumbuka kuamua alikuwa amekwisha pita shimo la Ngiri. Hapo ndipo alipoijua hamu. Haikuwa ikimngojea bwawani. Ilikuwa inamngojea njiani.

Akaanza kulala vizuri. Akaanza kuimba tena. Hata Ngiri, aliyekuwa akimcheka, alianza kufuata nyuma mkia juu, akisema anafuata ili aone atakapoanguka. Hakuanguka. Ngiri akaendelea kufuata.

Lakini siku nazo zilikwenda. Na Bi Kiboko, kila akirudi bwawani, alitazama upande wa mto akafumba macho. Alikuwa ametii. Mto alikuwa ameusahau, au alikuwa anasema hivyo.

Ikafika siku ya arobaini. Bi Kiboko alitoka alfajiri kama kawaida, bila wimbo. Alimkuta Nguchiro juu ya kichuguu chake cha tano, anaota jua.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, sijui wewe."

Machozi yalimtoka Bi Kiboko. Alisema leo jua likifika utosini mjukuu wake ataitwa Shida, naye bibi yake yuko hapa anaamkia panya mwenye mkia mrefu.

Nguchiro hakujali kuitwa panya. Alimwuliza, kutoka bwawani mpaka kichuguu hiki ni umbali gani. Bi Kiboko akasema hajui. Akamwuliza, umetokwa na jasho? Hapana. Unahema? Hapana. Jana ulirudi bwawani ukala? Nilirudi nikala.

"Shangazi, kichuguu hiki kiko nusu ya njia ya kwenda mtoni. Kuja na kurudi kwako ndiyo safari yenyewe, kamili. Siku ya tano leo unafika mtoni kila asubuhi. Tatizo lako ni moja tu, ukifika hapa unageuka."

Bi Kiboko akamtazama. Akatazama nyuma, njia yake imelala wazi kama kamba. Akatazama mbele.

"Leo usigeuke," Nguchiro akasema.

Hakugeuka. Tu-tu, tu-tu. Nguchiro mbele, Bi Kiboko katikati, Ngiri nyuma mkia juu, Yangeyange hewani. Jua likapanda. Bi Kiboko hakukimbia, alikuwa amekwisha kujifunza kukimbia ni nini. Alikwenda mwendo wake ule ule wa kila siku. Jua likapanda tena. Harufu ya mto ikaja. Kisha sauti za viboko. Kisha ukingo, na chini yake ukoo mzima umesimama majini, na binti yake katikati.

Bibi mzaa baba alikuwa amekwisha inama. Kinywa chake kilikuwa sikioni pa mtoto. Alikuwa amevuta pumzi, jina limefika kwenye ulimi.

Na kutoka bwawani mpaka ukingo wa mto ni mbali, lakini kutoka ukingoni mpaka sikioni pa mtoto nako ni mbali, mtu hawezi kufika kwa pumzi moja. Bi Kiboko akafanya jambo alilolifanya kila asubuhi kwa siku ishirini na tisa, bila hata kufikiri.

"Hodi!"

Sasa, katika nchi ile, kama kwetu, ukisikia hodi huwezi kusema neno jingine lolote kabla ya kuiitikia. Bibi mzaa baba alikuwa mkali, lakini alikuwa na adabu. Kinywa kilichofunguliwa kutoa jina kikasema chenyewe:

"Karibu."

Alipofunga kinywa Bi Kiboko alikuwa amekwisha shuka majini. Chubwi. Mto ukapanda, wajomba wawili wakaelea. Binti yake akamwangalia kutoka kichwani mpaka kwato.

"Mama, umekuja na nani?"

"Nimekuja na miguu yangu, mwanangu."

Bibi mzaa baba akasogea kando. Alimwuliza mkwe mwenzake vipi ameshuka kutoka bwawani wala hahemi. Bi Kiboko akajibu kwamba alikuwa anapita tu kuamkia jirani. Kisha akainama, akamnong'oneza mtoto jina lake, na mtoto akapiga kelele mpaka ndege wakaruka. Alimwita Salamu.

Bi Kiboko alikaa mtoni siku saba, na kila asubuhi alikwenda mpaka ukingo wa pili kumwamkia bibi mzaa baba. Siku ya nane, Bi Kiboko akirudi kwake, wakawa wanatembea wote wawili, wanagombana njia nzima, wana furaha.

Basi wakubwa kwa wadogo, ngano inasema hivi. Afya haiji kwa siku moja ya hasira. Inakuja kwa mwendo mdogo unaorudiwa kila siku. Usingoje hamu kitandani, toka uifuate. Na salamu yako ipeleke mwenyewe.

Kuhusu waliotajwa. Bi Kiboko alikufa kwa uzee, akiwa njiani. Bibi mzaa baba alimfuata mwaka uliofuata. Nguchiro hayupo, watoto wake wanaendelea kuhama. Habari za Ngiri hazikuhifadhiwa. Salamu yu hai, na ukipita mtoni asubuhi utamsikia. Bi Somoe binti Ngwele alifariki mwaka 1981. Asubuhi iliyofuata ngano, Zamda alitoka mlangoni akaenda kumwamkia jirani wa tatu. Yeye yu hai. Mtoto wake pia yu hai. Huyo jirani alikwisha fariki, lakini Zamda bado anakwenda kila siku, sasa anaamkia wajukuu wa jirani.

Ngano imefika ilikokuwa inakwenda. Nyinyi mlioketi, simameni.