Swali la Tisa

Kanisa ninalotaka kuwasimulia lilikuwa ughaibuni, kwenye ukumbi wa kupanga, katika mji ambao hata theluji huanguka kwa ratiba. Waumini wake walikuwa watu wa milimani na watu wa ziwani, ambao kule nyumbani waliwahi kuchomeana nyumba. Huku waliimba pamoja, lakini wakaketi kila kundi upande wake.

Mzee wa kanisa alikuwa wa milimani, na macho yake hayakumwacha shemasi wa ziwani. Shemasi akiwahi, amekuja kupeleleza. Akichelewa, ametoka kwenye kikao cha siri. Na watu wake wakicheka kwa lugha yao, tunajuaje wanamcheka nani?

Basi halmashauri ya mji ikaleta fomu ya kurasa kumi na moja. Isipojazwa, ukumbi unafungwa. Swali la tisa liliuliza: jengo likiwaka moto, nani atatoka wa mwisho, baada ya kuhakikisha hakuna aliyebaki? Mzee na wazee wenzake walikuwa wamebishana miezi minne juu ya rangi ya mapazia. Swali hili lilichukua dakika moja. Mzee aliandika jina la shemasi, kwa mwandiko mzuri kabisa. Unacheka, ndugu yangu? Wewe ungemwandika nani?

Jumapili moja afisa wa zimamoto akaja bila taarifa, akabonyeza king'ora. Yalikuwa mazoezi, lakini nani aliambiwa? Watu wakamwagika nje kwenye theluji bila makoti, wa milimani upande huu wa barabara, wa ziwani upande ule, kila kundi likihesabu wa kwao. Mzee alihesabu huku akiwatazama wale wa ng'ambo. Thelathini na mmoja, wametimia.

Afisa akauliza yule wa swali la tisa yuko wapi.

"Hajatoka," mzee akasema. "Yuko ndani peke yake, na makoti yetu."

Mlango ukafunguka. Shemasi akatoka kinyumenyume, akivuta kiti cha magurudumu. Kitini alikuwa mama mzazi wa mzee, amefunikwa makoti matatu. Mwanawe alikuwa amemhesabu kwa mazoea, bila kumtazama, kwa sababu mama huwa yupo.

Mama hakumlaumu mtu. Aliomba tu kiti kisukumwe upande wa ziwani.

Mzee akamvuta shemasi pembeni. "Ulijua kwa nini tulikuandika wewe?"

"Nilijua, mzee wangu."

"Na ukatia saini?"

"Kuna mtu humu asiyeweza kukimbia. Mimi humwona kila Jumapili."

Sasa sisi. Tumeketi hapa, mabenchi ya kulia ya kwao, ya kushoto ya kwetu, na tukisali kila mtu anabakiza jicho moja wazi. Tunajua jirani kaja saa ngapi na kaongea na nani. Je, tunajua nani wa kwetu hajatoka? Yule mzee hakukosea hesabu kwa uzee. Alikuwa anawalinda watu wake dhidi ya mtu pekee aliyebaki ndani kumtafuta mama yao.

Fomu yetu nayo imefika juzi. Iko mezani, pale mlangoni. Nimejaza kurasa zote isipokuwa swali la tisa. Kalamu ipo. Mnapotoka, asiandike mtu jina la mwenzake.